Salfeti Chini ya Cherehani

Mafinga, mwezi wa saba, saa moja asubuhi.
Umande umeganda kwenye majani kama wanga kwenye kola,
mkaa wa pasi haukubali kushika,
na Tulinave, anayejifunza kwangu, anaitupia macho salfeti.
"Mama, hivi si vya kuwashia?"
Namwambia aache.
Namwambia akachote vumbi la mbao kwa wapasua magogo;
Mungu hakutunyima vumbi la mbao Mafinga.

Salfeti ilikuwa ya mbolea. Sasa ina
ncha za vitenge, mfuko wa suruali niliokosea,
kaki ya sare za shule, Januari nne zimelaliana,
zambarau ya kwaya ya kigango
(walinikata bei, nikawakata mikono),
na tetroni nyeupe ambayo sisemi ilikuwa ya nini:
aliyevaa hakurudi kulalamika kwamba inabana.

Majina nasahau.
Ila nipe kipande gizani nitakwambia
bega la nani, nyonga ya nani,
nani aliniomba nishushe pindo mumewe asijue,
nani hajamalizia elfu tatu yangu.

Jioni, wateja wakiisha, natandaza sakafuni.
Sina mchoro. Chekundu kinakataa kukaa na chekundu,
kaki inakaa na yeyote, kama mgeni aliyelelewa vizuri.
Cha upana wa vidole viwili nakiweka kando:
nacho kitaolewa.
Nauma uzi kwa meno, pedali inakwenda,
na ndani najaza sweta za mtumba zilizofumuka.
Miezi minne, blanketi likamfika Chesco magotini,
likapanda kifuani, akalala bila kukohoa.

Kisha siku ya mnada akaja Sekinyaga.
"Kamwene."
"Kamwene."
Akatoa kwenye mfuko gauni la njano, ndege wa bluu,
nililomshonea mwaka ule nguzo za umeme zilipofika kwetu.
"Jumamosi ni sendofu ya binti.
Nataka kumtoa na gauni nililotolewa nalo mimi.
Vidole viwili kila ubavu, fundi.
Mwili umeongezeka, si dhambi."

Duka lililouza kitenge kile sasa linauza simu.
Kiwandani wameshawasahau ndege wale.
Nikaimwaga salfeti yote mpaka vumbi. Hamna.
Tulinave akanitazama, nami nikatazama kitandani.

Walikuwa katikati kabisa, ndege watatu na nusu,
wamezungukwa na kaki pande zote kama watoto paredi.
Nikachukua wembe.
Kushona kuna kelele zake, mtu hupiga hata soga;
kufumua ni kimya,
unasikia baridi inavyotambaa juu ya bati.

Usiku ule Chesco akapitisha mguu kwenye tundu:
"Mama, blanketi lina mlango."
Nikaliziba kwa mkono wangu hadi alfajiri.

Jumamosi watu walitazama keki.
Mimi nilitazama mbavu za Sekinyaga:
akiinua mikono, ndege wanafunua mabawa,
akishusha, wanatulia.
Mshono haukuonekana. Nilikunywa soda mbili.

Jumatatu akarudi, hakukaa.
Akaniachia mezani pembe ya kitambaa cha dhahabu,
kile kilichopamba kiti cha binti, kina doa la mchuzi.
"Nimesikia nilikuachia tundu," akasema, akaenda zake.

Nimekishona. Hakilingani na chochote,
kinang'aa pasipostahili, kinawasha shingo.
Chesco bado anakitafuta mlango wake kwa kidole cha mguu,
na mara nyingine, nadhani, anaupata.

Tulinave haulizi tena habari za moto.
Jana nimemwona akikunja ukanda wa bluu,
mwembamba, hautoshi hata kufunga nywele,
akauficha kwenye pindo la khanga yake.
Sijamuuliza ni wa nani.